Namba za Herufi za Kasongo

Karani wa Kasongo miaka ya 1880 aliandika Kiswahili kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu. Mji huo wa Maniema ulikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na baadaye ya mwanawe Sefu. Misafara ya pembe na watumwa ilipitia Kabambare kuelekea Ujiji na pwani, na barua zilikwenda nayo.

Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Dola Huru ya Kongo waliuteka mji. Nyaraka kadhaa za zama hizo ziko Ubelgiji hadi leo, hasa katika makumbusho ya Tervuren, na mwaka 2007 Xavier Luffin wa Brussels alichapisha uchunguzi wa tahajia ya nyaraka hizo.

Ukoo wa herufi hizo za Kiarabu unaanzia kwa Wanabatia wa Petra. Jiwe la kaburi la Namara, Syria, la mwaka 328, lina maneno ya Kiarabu kwa hati ya Kinabatia. Kadiri hati ilivyoendelea kuungana, baadhi ya herufi zilifanana mno, na nukta zikaja kuzitenganisha.

Kiarabu hakina p. Kwa hiyo waandishi wengi wa Kiswahili waliweka be mahali pake. M na n mbele ya konsonanti waliziacha, na e ikaandikwa kama i. Kwa desturi hiyo pembe, mali iliyoutajirisha mji, husomeka bibi. Aliyepokea barua hakutatizika: palipotajwa frasila, kipimo cha uzito, alijua ni pembe.

Ili kunakili barua kama hiyo, kompyuta hutaka namba kwa kila herufi. Katika Unikodi, orodha ya namba hizo, be ni 0628, na pe, herufi ya p yenye nukta tatu, ni 067E. Herufi za Kinabatia zenyewe ziliingizwa Juni 2014: herufi 31, pamoja na maumbo ya mwisho wa neno, na alama 9 za tarakimu.

Anayenakili barua ya Kasongo aingize ipi? Aingize be, kama karani alivyoandika, na usomaji wa p auweke kando kwa herufi za Kilatini. Tahajia ya Mwalimu Yahya Ali Omar wa Mombasa, inayoipa kila sauti alama yake, inawafaa sana wanaoandika leo. Ikipachikwa juu ya barua za Maniema, itafuta ushahidi wa jinsi makarani wale walivyofundishwa kuandika.