Gumegume si Kila Gobore: Maneno ya Bunduki ya Kale na Kazi ya Kuirejesha

Mkataba wa Brussels, uliotiwa sahihi tarehe 2 Julai 1890, ulikataza uingizaji wa silaha za moto katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini yake. Hata hivyo ulibakiza mlango mmoja wazi: bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuuzwa chini ya masharti. Mfasiri anayekiandika kifungu hicho kwa kusema kwamba "magobore yaliruhusiwa" hukosea mara mbili. Gobore ni jina la bunduki yoyote ya zamani inayoshindiliwa kwa mdomo wa mtutu, iwe yawashwa kwa jiwe au kwa fataki. Na bunduki ya fataki haikuwamo katika ruhusa hiyo. Tena, gobore laweza kuwa na mtutu laini au wenye mifereji, na mifereji ndiyo hasa iliyoogopwa na waandishi wa mkataba.

Jambo hili halikuwa dogo kwetu. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita huko kila mwaka kwenda bara. Basi watu wa pwani walizijua bunduki kwa aina zake, na lugha yao ilizitenga. Iliyowashwa kwa utambi wa moto wa polepole iliitwa bunduki ya mrao. Iliyowashwa kwa cheche za jiwe iliitwa bunduki ya gumegume, kwa jina la jiwe lenyewe. Ikafuata ya fataki, kisha ya viasi. Mtutu uliitwa pia kasiba. Ufito wa kushindilia, mdeki. Na mahali moto unapoingilia baruti, kifa. Maneno haya yamo katika kamusi za zamani, na kijana wa leo hayajui kwa sababu hajapata kukiona kitu chenyewe.

Wako watu wanaokiona kila siku. Huko Marekani, na katika nchi kadhaa za Ulaya, kurejesha bunduki za gumegume zilizotengenezwa kwa mikono ni kazi ya mapumziko ya watu wengi, na chama cha wapendao bunduki za kushindilia kiliundwa Marekani mwaka 1933. Inayopendwa kupita zote ni bunduki ndefu ya Pennsylvania, ambayo mafundi wenye asili ya Ujerumani na Uswisi waliitengeneza katika karne ya 18, hasa katika wilaya ya Lancaster. Fundi alichukua ubao wa chuma, akauviringisha juu ya ufito na kuuchomelea kwa nyundo ukawa mtutu, mara nyingi wa pembe nane na wenye urefu wa zaidi ya mita moja. Ndani yake alichonga mifereji ya mzunguko, mmoja baada ya mwingine, kwa kifaa cha mbao kilichovutwa kwa mkono. Mifereji hiyo huizungusha risasi itokapo, ikaenda moja kwa moja. Mwaka 1969 ilitolewa filamu iliyomwonyesha Wallace Gusler, fundi wa Williamsburg katika jimbo la Virginia, akiitengeneza bunduki ya namna hiyo nzima kwa zana na njia za karne ya 18. Mtu atakayeitazama hatauliza tena kwa nini kazi ya kila fundi ina sura yake.

Anayerejesha bunduki hiyo huanza kwa kupima. Huingiza ufito ndani ya mtutu mpaka ukome, akautia alama, kisha akaulaza nje ya mtutu aone kama unafika kwenye tundu la moto. Ukipungua, yumkini risasi na baruti zingali ndani tangu siku za mababu, na baruti iliyokaa pakavu haisahau kazi yake. Baada ya hapo hulegeza parafujo zilizogandishwa na kutu, kwa mafuta na kwa subira. Kila moja huwekwa mahali pake na kuandikiwa, kwa kuwa zilitengenezwa kabla Whitworth hajapendekeza vipimo vya pamoja vya parafujo mwaka 1841. Ya tundu hili haiingii tundu lile.

Kiini cha silaha ni mtambo, yaani chombo cha chuma kilichofungwa ubavuni. Namna yake iliyokamilika huhesabiwa kuwa kazi ya Mfaransa Marin le Bourgeoys, mwanzoni mwa karne ya 17. Mkono wenye taya hulibana jiwe lililofungwa kipande cha ngozi. Kifyatulio kikivutwa, kamani kubwa huurusha mkono huo mbele, jiwe likakwaruza bamba la chuma kigumu, bamba likafunuka na cheche zikaangukia baruti kidogo iliyo katika kisahani. Moto hupenya tunduni, na baruti kuu ikalipuka.

Mkono huo wenye taya tuuite nini? Waingereza na Wajerumani huuita jogoo, Wafaransa na Waitalia huuita mbwa, na Wahispania wana jina la mguu wa paka. Hatuoni sababu ya kuazima mnyama wa mtu. Wanaotumia "nyundo" wanayo haki kwa bunduki ya fataki, ambayo kwa kweli hugonga. Ya gumegume haigongi, hukwaruza. Sisi twapendekeza "taya la mtambo". Kwa kisahani cha baruti hatuna haja ya kubuni: kifa chatosha, maana ndipo moto unapoingilia.

Ugumu mkubwa umo katika kitenzi. Forsyth, kasisi wa Uskoti, alipata hataza ya kuwasha kwa baruti ya mgongo mwaka 1807, na baada ya fataki kuenea wenye bunduki za gumegume wengi waliwapelekea mafundi wazigeuze. Fundi aling'oa taya, bamba na kifa, akatia nyundo na chuchu ya fataki. Leo mrejeshaji anaipata silaha iliyoishi miaka 30 kwa jiwe na 50 kwa fataki. Aivue chuchu na kuitengenezea taya jipya la kufanana na lililopotea? Wengine hufanya hivyo, na bei hupanda. Wengine huona kwamba ugeuzaji ule nao ni historia, na kwamba taya lililochongwa jana halikuwahi kuwasha kitu. Ugomvi kama huo upo juu ya kusugua: anayeing'arisha kasiba mpaka iwe kama kioo huenda akaifuta saini ya fundi iliyochorwa juu yake, na saini hiyo hairudi.

Kwa hiyo neno moja "kukarabati" halitoshi katika maandishi ya makumbusho na ya idara zinazotunza mali za kale. Tungependa "kuhifadhi" litumike pale ambapo kitu kinazuiwa kisiharibike zaidi, bila kuongezewa wala kupunguziwa. "Kutengeneza", pale kinapofanywa kifanye kazi tena. Na "kurejesha", pale kinapofanywa kifanane na hali yake ya zamani, kwa sharti kwamba mwandishi ataje ni hali ya wakati gani. Fomu ya kumbukumbu inayosema tu "bunduki imerejeshwa" haimwambii msomaji kama anatazama gumegume la karne ya 18, au bunduki ya fataki iliyovikwa taya jipya.