Wakaaji wa Elisabethville na kura ya 1957

Mji uitwao leo Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Comité Spécial du Katanga ndiyo iliyogawa ardhi, na reli kutoka kusini ikafika mwaka huo huo. Wale waliochimba, waliojenga na waliopika hawakuulizwa neno. Baadaye makao yao yalitengwa na mji wa wazungu kwa eneo lililoachwa wazi makusudi.

Mwaka 1931 dekreti iliunda « centres extra-coutumiers », yaani makao ya watu walio nje ya mila. (Jina lenyewe lamtaja mkaaji kwa kile alichokosa!) Elisabethville ilipata chifu na baraza, lakini chifu huyo aliwekwa na serikali ya kikoloni. Huo ulikuwa ushauri, haukuwa ushiriki.

Kura ilikuja Desemba 1957, mji ukiwa umekwisha kupangwa. Walipiga kura wanaume tu, wenye umri wa miaka 25 na zaidi. Komini nne za Waafrika, ambazo ni Albert (Kamalondo ya leo), Kenya, Katuba na Ruashi, zilipata mabugumestri, yaani wakuu wa komini, ambao wote wanne asili yao haikuwa Katanga. Mwaka uliofuata, waliojiita wenye nchi waliunda Conakat.

Waandishi wengi huishia hapo, wakiona ugomvi wa makabila. Sisi twaona kwamba wapiga kura walipewa kuchagua watu, lakini hawakupewa mambo ya kuamua. Juu ya komini alikaa bugumestri wa kwanza, mtumishi wa serikali. Makambi ya Union Minière yaliongozwa na kampuni yenyewe. Nyumba za mitaa mipya katika miji mikubwa zilijengwa na Office des Cités Africaines, iliyoundwa mwaka 1952. Kiwanja, maji na barabara vilipokuwa mikononi mwa wengine, mgombea angeahidi nini? Alibaki na asili yake.

Sauti ya wakaaji yapasa kutafutwa kwingine. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chao, na Johannes Fabian akaitoa mwaka 1990.