Nasaba: majina tunayoyaruka tukisoma Mathayo

Wengi wetu tukifungua Mathayo sura ya kwanza tunaruka hadi aya ya 18, habari ya kuzaliwa kwa Yesu inapoanza. Yale majina arobaini na zaidi yanatuchosha. Nadhani istilahi nayo imechangia. Tafsiri ya Union ya mwaka 1952 inaiita orodha hiyo ukoo, na ukoo kwa mtu wa Nakuru ni watu wengi kwa pamoja: Wakikuyu wana mbari, Wakalenjin wana koo zenye alama za wanyama. Ukoo una ami, binamu, madeni na mashamba. Mathayo hasemi habari za umati huo. Anafuata mstari mmoja, mtu baada ya mtu, kutoka Ibrahimu hadi Yusufu, na mstari wa namna hiyo kwa Kiswahili ni nasaba.

Neno hili la asili ya Kiarabu linaeleweka vizuri Bondeni, mtaa wa zamani wa Nakuru ambako Waislamu na Wakristo ni majirani wa siku nyingi. Nikahi ikisomwa, bibi harusi hutajwa kuwa fulani binti fulani. Hiyo ni nasaba, ingawa fupi. Kazi yake ni kuthibitisha: nani arithi, nani hawaruhusiwi kuoana. Wayahudi waliorudi kutoka Babeli waliitumia vivyo hivyo. Ezra 2 inaeleza watu waliodai ukuhani, wakatafuta majina yao katika orodha, wasiyaone, wakaondolewa.

Union inalo neno nasaba katika 1 Timotheo 1:4 na Tito 3:9, lakini hapo Paulo anakemea mabishano, kwa hiyo Mkristo analizoea kama jambo la kuepukwa. Kuna pia neno la Kiebrania toledoti, lililotokana na kitenzi cha kuzaa; limetafsiriwa vizazi katika Mwanzo, na mimi ningeliacha hivyo, maana linabeba pia masimulizi. Mwanzo 2:4 inalitumia hata kwa mbingu na nchi.

Ukiisoma orodha ya Mathayo kama nasaba, unaanza kuuliza kila jina limeingiaje. Tamari alijifanya kahaba ili apate haki aliyonyimwa na mkwewe. Rahabu alikuwa mtu wa Yeriko. Mke wa Uria hatajwi hata kwa jina lake, anatajwa kwa jina la mume aliyeuawa, ili dhambi ya Daudi isisahaulike. Ruthu alikuwa Mmoabi, na Kumbukumbu la Torati 23 iliwafungia Wamoabi mlango wa kusanyiko hata kizazi cha kumi. Mathayo aliwaacha nje wafalme watatu, Ahazia, Yoashi na Amazia, akipanga vizazi vyake kumi na vinne kumi na vinne. Wanawake hawa hakuwaacha. Nakuru ya Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, jina la mtu, kwa kuonyesha kabila lake, lilitosha kumfukuza nyumbani hadi kambi ya uwanja wa maonyesho. Katika mji wenye kumbukumbu hiyo, orodha hii inastahili kusomwa madhabahuni kwa sauti, jina kwa jina, bila kukatwa.

Kisha kuna aya ya 16. Kuzaa kumerudiwa tangu Ibrahimu, huyu akamzaa huyu, na kunapofika kwa Yusufu kunakoma. Yakobo alimzaa Yusufu. Yusufu hakumzaa Yesu. Yeye, katika aya ya 25, anampa mtoto jina, na kwa tendo hilo mtoto anahesabiwa nyumba ya Daudi. Ningependa walimu wa katekisimu wakae hapo kidogo. Darasani mwao wamo watoto waliolelewa na nyanya, shangazi au baba wa kambo, ambao kwa chifu wakiulizwa jina la baba hutazama chini. Nasaba ya Yesu imepita kwa mtu aliyekubali kumlea.