Unaunganisha kompyuta mwenyewe? Umeme tuli unaweza kuua RAM bila wewe kusikia

Umenunua mazabodi, prosesa na RAM. Umekaa sebuleni juu ya zulia, sweta mwilini, video ya maelekezo inacheza kwenye simu. Unamaliza kufunga, unabonyeza swichi, mashine inagoma kuwaka. Ukirudi dukani unaambiwa kifaa kilitoka kizima, na huna cha kubishia.

Kwanza usikate tamaa. Mara nyingi tatizo ni RAM ambayo haijaingia mpaka mwisho au waya uliolegea. Lakini kuna mshukiwa mwingine asiyeacha alama: umeme tuli.

Huu ni umeme unaojikusanya mwilini vitu viwili vinapogusana kisha kuachana, kama soksi na zulia. Ndio unaofanya sweta itoe mlio wa "ta-ta-ta" ukiivua gizani.

Binadamu huanza kuusikia ukifika takribani volti 3,000. Baadhi ya chipu huumia hata chini ya volti 100. Yaani unaweza kuua kifaa na usihisi chochote. Kibaya zaidi, chipu inaweza kujeruhiwa tu: kompyuta inawaka vizuri leo, halafu baadaye inaanza kujizima ovyo.

Ni kweli vipuri vya kisasa vina kinga ndani yake, na wapo waliounganisha mashine nyingi bila tahadhari wala hasara. Ila kwa bei ya kadi ya picha, hiyo ni kamari.

Hewa kavu huongeza hatari. Dar es Salaam au Mombasa unyevu husaidia kupunguza umeme huu, lakini Dodoma wakati wa kiangazi, au ofisi yenye AC inayofanya kazi kutwa nzima, mambo ni tofauti.

Ufanye nini?

Hama kwenye zulia na kitanda. Fanya kazi kwenye meza ya mbao, vua sweta. Acha kila kipuri ndani ya mfuko wake wa kung'aa mpaka dakika ya kukifunga, kisha kishike pembeni, si kwenye meno ya dhahabu.

Kabla ya kugusa kipuri chochote, gusa chuma kitupu cha kasha, sehemu isiyo na rangi. Rudia kila ukiinuka na kurudi. Lengo ni wewe, kasha na kipuri muwe sawa kiumeme, ili pasiwe na cheche ya kuruka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Hapa kuna mtego. Video nyingi za nje husema acha pawa saplai imechomekwa ukutani, swichi ikiwa imezimwa, ili kasha lipate ethi. Huko sawa. Huku kwetu, kuna nyumba zenye soketi ya matundu matatu lakini tundu la ethi halina waya nyuma yake. Dalili yake unaijua: kompyuta ikiwa imewashwa, ukigusa kasha linakutekenya vidole. Kama kwako ni hivyo, chomoa kabisa, na mwite fundi umeme aangalie.

Ukitaka uhakika zaidi, nunua mkanda wa mkononi wenye waya, ubane kwenye chuma cha kasha. Ule usio na waya haufanyi kazi. Mkanda halali una kizuizi cha megaohmu 1 ndani, kwa hiyo hata ukigusa umeme wa volti 230 kwa bahati mbaya, unaopita mwilini kupitia mkanda ni takribani miliampea 0.23 tu. Usijitengenezee kwa waya mtupu: huo hauna kizuizi, na unaweza kukuua.

Na ukija kusafisha vumbi baadaye, usitumie mashine ya kunyonya vumbi ya nyumbani. Bomba lake la plastiki nalo huzalisha umeme tuli. Brashi laini inatosha.