Maleba na Kifaa cha Mhusika

Kila aliyesoma fasihi simulizi katika shule ya sekondari nchini Kenya amekutana na istilahi ya maleba: mavazi anayovaa fanani ili awe mtu mwingine mbele ya hadhira. Neno hilo linaifaa filamu fupi pia. Ugumu uko kwenye vile vitu anavyovishika mwigizaji. Walimu wa tamthilia huviita vifaa vya jukwaani, lakini filamu haina jukwaa, na ukisema "vifaa" tu mahali pa kurekodia utaletewa taa na kamera. Mimi napendelea kifaa cha mhusika, ili kitofautiane na pambo la mandhari. Kalenda iliyotundikwa ukutani ni pambo. Mhusika akichana ukurasa wake na kuutia mfukoni, ni kifaa chake.

Tuseme filamu inahusu muuzaji mahindi sokoni Kitale. Ana gorogoro, lile kopo la kupimia kilo mbili hivi, na kitako chake kimebonyezwa kikaingia ndani. Mtazamaji wa Trans Nzoia hahitaji kuelezwa kwamba wateja wanapunjwa. Ila kwa nini anawapunja? Hapo ndipo maleba yanapojibu. Mvishe sweta ya mtumba iliyotatuka kiwikoni, na tutahisi dhiki yake. Mvishe shati lililopigwa pasi na saa inayong'aa, nasi tutamhukumu bila huruma. Kopo ni lilelile. Kwa hiyo anayetafuta nguo na anayetafuta vifaa wakae meza moja tangu mswada unaposomwa mara ya kwanza.

Bungoma mambo ni mazito zaidi. Mwezi wa Agosti, katika miaka shufwa kama 2022 na 2024, Wabukusu hutahiri wavulana wao. Kijana huzunguka kuwaalika jamaa akigonga chinyimba, kengele za chuma, kwenye bangili za mikononi. Akifika kwa mjomba, ndugu wa mama, huchinjiwa na kuvishwa luliki, kipande cha nyama ya kifua kinachotungikwa shingoni. Mwandishi wa filamu anaweza kufuta mazungumzo ya kurasa nzima hapa. Kijana anayerudi nyumbani shingo tupu ametuambia jinsi ujomba ulivyompokea. Anayegonga chinyimba kwa nguvu akiwa kati ya watu, kisha akazishika kimya akibaki peke yake njiani, ametuonyesha hofu ambayo hangeitamka. Hivi ni vitu vya heshima. Wazee waombwe ruhusa kabla ya kuviazima, na wao ndio watakaosema luliki inakaaje shingoni.

Je, luliki ni maleba au ni kifaa? Swali hilohilo linaikuta hijabu katika "Watu Wote", filamu fupi ya Katja Benrath ya mwaka 2017 iliyorekodiwa Kenya, kuhusu shambulio la basi huko Mandera mnamo Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu waliwakinga wenzao Wakristo. Nguo inapotoka mkononi mwa mmoja kwenda kwa mwingine, inafanya kazi ya kifaa. Ikishavaliwa, inabadili mhusika anavyoonekana na wanaomwinda: ni maleba. Katika orodha ya utayarishaji mimi huiandika pande zote mbili, na kila upande uwe na mtu wa kuulizwa ikikosekana.