Magurudumu ya Motokaa Kuukuu

Mtu asafiriye leo kwa motokaa kutoka Embu hadi Meru hupita juu ya lami, na asipochungulia nje huenda asitambue amevuka mito mingapi. Mlima Kenya huteremsha maji yake upande wa mashariki kwa mabonde yaliyochimbika sana, na njia huyakata mabonde hayo moja baada ya jingine: Thuci, Nithi na mengineyo. Unashuka, unavuka daraja, unapanda, kisha unashuka tena. Kabla ya lami, udongo ule mwekundu ulikuwa vumbi tupu wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua uliteleza kama sabuni.

Boma la Embu lilianzishwa mwaka 1906 na la Meru mwaka 1908, lakini ilipita miaka mingi kabla ya mwananchi wa kawaida kumiliki motokaa. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika wachache wa Embu na Meru, pamoja na wa Kisii, kupanda kahawa, na baada ya Vita Kuu ya Pili fedha za kahawa zikaanza kununua magari. Land Rover ilikuwa imetoka Uingereza mwaka 1948. Zikaja Volkswagen, zikaja na Peugeot. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 matope yalikuwa makali hata magari saba tu ndiyo yaliyomaliza.

Motokaa hizo zilivaa mipira myembamba, na vijana wa leo huona jambo hilo kuwa umaskini. Sivyo. Mpira mwembamba hukata tope mpaka ukakutana na udongo mgumu ulio chini. Mpira mpana huelea juu yake na kuteleza. Dereva mzoefu alibeba pia minyororo, akaifunga magurudumuni mvua iliponyesha. Mpira wenyewe ulikuwa mali ya kutunzwa. Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, mipira ikawa adimu dunia nzima, na watu wakajifunza kuziba tyubu mara nyingi na kuvisha ngozi mpya juu ya mpira uliokwisha.

Sasa tuseme kijana wa Chuka au Runyenjes amerithi Volkswagen ya babu yake, na mipira yake imekuwa vipara. Atachagua nini? Na aanze kwa kusoma ubavu wa mpira wa zamani. Ukiandikwa 5.60-15, maana yake ni kwamba upana wake ni inchi 5.60, nao hukaa juu ya rimu yenye kipenyo cha inchi 15. Mipira ya namna hiyo nyuzi zake zilipishana kama msalaba. Mwaka 1949 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilianza kuuza mpira ambao nyuzi zake hukatiza moja kwa moja toka ukingo hadi ukingo. Huu hushika barabara vizuri zaidi na hudumu. Volkswagen ile huweza kuvishwa mpira wa namna hii wenye alama 165 R 15. Lakini aina hizi mbili zisichanganywe kamwe katika ekseli moja, maana katika kona kila moja huvuta kwa namna yake.

Jambo la rimu lina mitego zaidi. Volkswagen za zamani zilifungwa kwa skrubu tano zilizoenea katika duara la milimita 205; kuanzia zile za mwaka 1968, nyingi zilifungwa kwa skrubu nne katika duara la milimita 130. Rimu ya moja haiingii katika nyingine, hata muuzaji akiapa. Kuna wapendao rimu pana zitokezazo nje ya madigadi. Rimu hizo huchosha beringi, hufanya usukani uwe mzito, na mpira husugua bati motokaa inapokata kona ikiwa na mzigo. Tena rimu nyingi za zamani hazina kituta cha kuushika mpira usio na tyubu. Basi tyubu na itiwe.

Mnunuzi asidanganywe na mpira mweusi unaong'aa. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Tangu mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho katika alama ya ubavuni huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Ukiona nyufa ndogo ubavuni, uache, hata kama meno yake ni marefu. Zamani ingewezekana kununua uliotengenezwa Nairobi na kampuni ya Firestone iliyoanzishwa mwaka 1969. Kiwanda hicho, ambacho baadaye kiliitwa Sameer Africa, kiliacha kutengeneza mipira mwaka 2016, na sasa mingi hutoka ng'ambo.

Mwezi Julai mwaka 2022 basi lilitumbukia katika daraja la Nithi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Siutaji msiba huo ili kuilaumu mipira. Nautaja ili msomaji aujue mteremko wenyewe. Lami imeondoa tope, ikaleta mwendo wa kasi, na motokaa ya mwaka 1965 haikuundwa kwa kasi hiyo. Kijana wetu akishateremka Nithi kwa gia ndogo, na asimame ng'ambo, ashuke, aiguse mipira yote minne kwa kiganja. Ule ulio moto kuliko mingine una upepo mdogo, au breki yake imekwama.