Baba Zetu Manamba

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Hayo yameandikwa. Lakini baba zetu manamba, waliotoka Kigoma na Songea kuja kukata mkonge Tanga, vitabuni wamebaki namba, kama jina lao lenyewe. Ndiyo maana wachache waliobaki nawarekodi kwa simu, dakika tatu tatu, kwa podikasti ya mtaa wetu. Swali ni moja tu: ulimleaje mtoto uliyemwacha kwenu? Mzee mmoja alinyamaza weee! Kisha akasema, siku aliyorudi na baiskeli yake mpya, mwanawe alimkimbilia mama yake: "Mama, mgeni!" Wenzangu wanataka nikate ule ukimya. Sikati.